Wazamiaji wa Manza na Mafundi wa Moshi: Watu Wasio na Jina Waliofufua Risasi Zilizolowa Bahari, 1915

Ukitaja Vita ya Kwanza ya Dunia hapa Afrika Mashariki, jina linalorushwa haraka ni la kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck. Jamaa kaandikiwa vitabu kibao. Mpaka leo ana mashabiki wanaomsifia kwamba alicheza paka na panya na jeshi la Mwingereza kwa miaka minne na hakukamatwa. Sawa, tumpe yake. Ila kuna swali ambalo mashabiki hao huwa wanalipita kwa kasi ya bodaboda: risasi alizitoa wapi?

Maana ukikaa ukafikiria, jamaa alikuwa amefungiwa. Meli za kivita za Mwingereza zilikuwa zinalinda pwani. Kaskazini kuna Waingereza, magharibi kuna Wabelgiji, na kusini Mreno naye alikuja kuingia vitani. Koloni la Kijerumani, ambalo leo ndiyo Tanzania bara, Rwanda na Burundi, halikuwa na kiwanda cha kutengeneza risasi. Na bunduki ikiishiwa risasi inabaki kuwa fimbo nzito ya bei mbaya.

Sehemu ya jibu iko chini ya bahari, kaskazini mwa Tanga. Sehemu nyingine iko Moshi mjini, pale pale unaposhukia kwenye basi ukienda kula Krismasi. Na wenye jibu ni watu ambao hakuna anayewataja kwa majina.

BUNDUKI ZA MOSHI MWINGI

Kwanza picha ilivyokuwa. Vita inaanza Agosti 1914, jeshi la Kijerumani hapa lina kampuni 14, askari Waafrika kama 2,500 na Wazungu mia mbili na kitu. Kampuni nyingi zilikuwa bado zinatumia bunduki za mfano wa mwaka 1871. Soma tena: 1871. Bunduki iliyozidi umri askari wengi walioibeba.

Shida ya bunduki hiyo ilikuwa baruti yake nyeusi. Ukipiga, wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chako kama umewasha jiko la mkaa lenye kuni mbichi. Adui hana haja ya kukutafuta, anaangalia moshi tu. Wakati huo Mwingereza alikuwa na bunduki za kisasa, baruti isiyotoa moshi, mtu anapiga na humuoni.

Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga na jeshi kubwa kutoka India, wakapigwa vibaya, wakaondoka na kuacha mamia ya bunduki na risasi kwa mamia ya maelfu. Hiyo ilisaidia. Ila jeshi lilikuwa linakua. Mwishoni mwa 1915 askari walikuwa zaidi ya 11,000. Mzigo wa Tanga usingetosha.

MELI YA JINA FEKI

Februari 1915 meli ya mizigo inayoitwa Rubens ikachomoka Ujerumani. Ikabandikwa jina la Kidenmark, Kronborg, maana Denmark haikuwa vitani. Juu ya sitaha wakapanga mbao, ukiiona unasema hawa wafanyabiashara tu. Chini ya mbao mambo yalikuwa mengine kabisa: makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, bunduki za kisasa aina ya Mauser karibu 1,800, na risasi zinazohesabiwa kwa mamilioni.

Meli ikazunguka juu ya Uskoti, ikashuka Atlantiki yote, ikapita Rasi ya Tumaini Jema, ikapanda Bahari ya Hindi. Wiki nane. Kumbe Waingereza walikuwa wanasikiliza mawasiliano ya redio, wanajua kuna mgeni anakuja.

Tarehe 14 Aprili 1915, karibu kabisa na nyumbani, manowari ya Kiingereza Hyacinth ikamtokea. Mbio zikaanza. Nahodha wa Rubens akaona habari imeisha, akaikimbiza meli mpaka ghuba ya Manza, akaizamisha kwenye maji ya kina kifupi. Hyacinth ikapiga mizinga, mbao za juu zikashika moto, moshi ukatanda. Waingereza wakaangalia, wakaona meli imekwisha, wakaondoka zao.

Hapo ndipo walipokosea. Moto uliunguza juu. Mzigo ulikuwa chini, umefunikwa na maji. Na maji yale yale yaliyouharibu ndiyo yaliyouokoa usilipuke.

WAZAMIAJI

Kazi iliyofuata ilichukua wiki nyingi. Watu walizama. Hapa si wale wazamiaji wa kujificha kwenye meli kwenda ughaibuni. Hawa walizama kweli, ndani ya meli yenye giza, wakipapasa kasha moja baada ya jingine na kulipandisha. Ufukweni wakasubiri wengine wa kulipokea, kulibeba na kuliingiza bara. Bunduki zikatoka. Risasi zikatoka. Waingereza baadaye walishangaa kukuta askari wa Kijerumani wana bunduki mpya mikononi.

Ila kulikuwa na tatizo moja kubwa: risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

RISASI INAYOKATAA

Ili uelewe uzito wa jambo hili, ifungue risasi kichwani mwako. Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda la shaba nyeupe, ambalo ni kama chupa ndogo. Kuna baruti ndani ya ganda. Kuna fataki kwenye kitako, hii ni ile punje inayogongwa na pini ya bunduki na kutoa cheche, usichanganye na fataki mzee wa kuhonga wanafunzi. Na kuna kichwa, kile kipande chenye ncha kinachoruka kwenda kwa adui. Kichwa kimebanwa kwenye shingo ya ganda kama kizibo kwenye chupa.

Maji ya bahari yakipenya, mambo mawili yanatokea. Fataki inakufa polepole, kwa hiyo unavuta kifyatulio unasikia "ka!" na kimya. Hiyo ni aibu, na vitani ni kifo. Jambo la pili ni baya zaidi. Fataki inawaka lakini baruti imechoka, inasukuma nusu nusu. Kichwa kinatoka kwenye ganda, kinaingia kwenye mtutu, kinakwama humo humo. Askari akiwa kwenye haraka ya vita akaweka risasi nyingine nzima nyuma ya ile iliyokwama, akapiga, mtutu unaweza kupasuka mikononi mwake.

Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kadiri siku zilivyokwenda, risasi zinazokataa ziliongezeka, na haikuwepo njia nyingine isipokuwa kuzifungua zote. Zifunguliwe, baruti isafishwe, fataki zilizokufa zitolewe, ziwekwe nyingine, zifungwe upya. Fataki zilikusanywa kutoka kila pembe ya koloni, hata za aina tofauti, zikapelekwa sehemu moja: Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya, mwisho wa reli iliyotoka Tanga. Ndiyo Moshi mjini ya leo.

Kwa hiyo mwaka 1915, chini ya Kilimanjaro, kulikuwa na karakana ya kufufua risasi. Kazi ya miezi. Moja moja.

NUSU SENTIMITA

Sasa hapa ndipo kwenye utamu wa hadithi, na ndipo wengi hawafiki. Mtu anaweza kusema: kufungua na kufunga kuna ugumu gani? Si unarudisha tu kichwa mahali pake?

"Mahali pake" ndilo neno lenye balaa.

Ganda la risasi ya Mauser ya Kijerumani lina urefu wa milimita 57. Risasi ikiwa nzima inafika milimita 80 na kidogo. Kichwa chenyewe cha wakati ule kilikuwa na urefu wa kama milimita 28. Piga hesabu: kilichozama ndani ya shingo ni takriban milimita tano. Nusu sentimita, kama unene wa kidole cha mtoto mchanga. Uhai wa askari ulikuwa unategemea hiyo nusu sentimita irudi ilivyokuwa.

Ukikisukuma kichwa ndani kupita kiasi, nafasi ya hewa ndani ya ganda inapungua. Baruti ni ile ile, chumba kimekuwa kidogo. Ikiwaka, msukumo unapanda juu kuliko ule bunduki iliotengenezwa kuuvumilia. Ni kama kukaza kifuniko cha presha kuka na kuziba tundu la mvuke.

Ukikiacha nje sana, risasi inakuwa ndefu. Haiingii vizuri kwenye magazini. Ikiingia kwenye chemba, ncha inajikita kwenye ile mifereji ya kuzunguka iliyochongwa ndani ya mtutu, bolti inagoma kufunga. Ukiilazimisha ikafunga na ukapiga, msukumo unapanda pia, kwa sababu kichwa kimeanza safari kikiwa tayari kimebanwa. Na ukighairi kupiga ukataka kuitoa, kichwa kinaweza kubaki ndani ya mtutu, ganda linatoka peke yake, baruti inamwagika kwenye mtambo wa bunduki. Katikati ya vita. Fikiria.

Ukiweka kila kichwa kwa kina chake, hiki kimezama tatu, kile sita, bunduki inakuwa haina msimamo. Leo inapiga juu, kesho kushoto. Askari analaumu macho yake, kumbe kosa lilifanyika mezani Moshi.

MAHAKIMU WATATU

Kazi ya aina hii popote duniani ina mahakimu watatu.

Wa kwanza ni risasi nzima isiyo na kasoro. Unaisimamisha kando ya ile uliyofunga, unalinganisha. Jicho lililozoea linaona tofauti ndogo kuliko unavyodhani. Muulize fundi cherehani wako.

Wa pili ni kipimo cha chuma. Kipande chenye tundu au pengo la urefu ule unaotakiwa. Ikipita, poa. Ikikwama, irudishwe. Viwanda vya silaha vya karne ya 19 ndivyo vilivyoeneza utaratibu huu wa "inapita, haipiti", na bila huo hakuna risasi ya kiwanda kimoja kuingia kwenye bunduki ya kiwanda kingine.

Wa tatu ni bunduki yenyewe. Unaingiza risasi, unafunga bolti polepole, unasikiliza mkono. Kuna ujanja wa zamani unaotumika mpaka leo na wapenda shabaha wa Marekani na Ulaya wanaojifungia risasi zao kihalali. Wanakipitisha kichwa juu ya moshi wa mshumaa mpaka kiwe cheusi, wanaingiza, wanafunga, wanatoa. Mifereji ya mtutu ikigusa, inaacha mikwaruzo kwenye masizi. Wanapunguza kidogo kidogo mpaka mikwaruzo ipotee. Wengine wanapitisha fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu, wanaweka alama mbili kwenye fimbo, moja bolti ikiwa imefungwa, nyingine kichwa kikiwa kimegusa mifereji. Umbali kati ya alama mbili ndiyo urefu wa juu kabisa wa risasi kwa bunduki hiyo.

Siku hizi wana vernia kalipa, ile ile iliyokutesa kwenye fizikia ya kidato cha kwanza. Na wamegundua kitu: usipime mpaka kwenye ncha, maana ncha za vichwa hazilingani hata vikitoka boksi moja. Pima mpaka begani, pale kichwa kinapoanza kunenepa, kwa sababu bega ndilo linalokutana na mifereji. Ncha haigusi chochote ndani ya mtutu.

(Na kabla hujapata wazo: kushika risasi bila kibali ni kosa la jinai Tanzania na Kenya pia. Hii ni historia.)

BABU ZETU WALIKUWA NA MDEKI

Usidhani kupima kina ni elimu iliyokuja na Mauser. Muda mrefu kabla ya 1915, gobori zilikuwa zimejaa kwenye njia za misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Gobori halina ganda. Unamimina baruti mdomoni, unaweka kizibo, unaweka gololi, unashindilia kwa mdeki, ile fimbo ndefu inayokaa chini ya mtutu.

Mdeki ndiyo kipimo. Mwenye gobori anajua fimbo yake inatokeza kiasi gani bunduki ikiwa tupu, na kiasi gani ikiwa imeshindiliwa sawasawa. Ikitokeza zaidi ya kawaida, kuna mambo mawili: ama gololi haijakaa juu ya baruti, imeacha pengo, na pengo linaweza kutunisha au kupasua mtutu, ama kuna mtu alishashindilia kabla yako.

Hili la pili lina mfano maarufu kutoka Marekani. Julai 1863, baada ya vita ya Gettysburg kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, zilikusanywa bunduki zaidi ya 27,000 uwanjani. Hesabu iliyotolewa baadaye ilisema karibu 24,000 zilikutwa bado zina risasi ndani. Kama nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili. Maelfu zilikuwa na tatu hadi kumi. Na kulikuwa na bunduki moja yenye risasi 23, moja juu ya nyingine, kama maboksi ya soda.

Mwenye bunduki ile hakuna anayejua jina lake. Lakini bunduki yake inasimulia: kelele, moshi, hofu, mikono inashindilia, kidole hakivuti au fataki haiwaki, mikono inashindilia tena. Kila mara mdeki ulikuwa unatokeza nje zaidi na zaidi, unamwambia kuna tatizo, na yeye hausikii. Kipimo kilikuwepo mkononi mwake. Utulivu wa kukisoma ndio haukuwepo.

Linganisha na Moshi. Kule watu walikuwa mbali na milio, mezani, na wajibu wao ulikuwa kuusoma ule utulivu kwa niaba ya askari ambaye hatakuwa nao.

ASILIMIA 20

Je, walifanikiwa? Kwa sehemu. Lettow-Vorbeck aliandika kwamba risasi zilipangwa kwa madaraja. Kundi ambalo kama 20 kati ya 100 zilikataa liliweza kutumika vitani pakibana. Makundi mabaya zaidi, ambayo zilizokataa zilikuwa nyingi kuliko hizo, yaliachwa kwa mazoezi.

Hebu kaa na hiyo 20 kidogo. Askari anapewa risasi akijua katika kila tano, moja inaweza isiseme kitu. Na hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa inafaa. Adui yuko mita mia, umevuta, "ka!", kimya. Unafungua bolti, unajiuliza sekunde hiyo hiyo: fataki imekufa, au kichwa kimekwama ndani ya mtutu? Jibu la kwanza, unaweka nyingine. Jibu la pili, ukiweka nyingine unaweza kujiua mwenyewe.

Kwa bombomu, kama askari walivyouita mzinga wa rashasha, risasi moja iliyogoma inasimamisha mtambo mzima.

Hata hivyo risasi zilipatikana za kutosha kuendelea. Machi 1916 Waingereza waliiteka Moshi, karakana ikawa haipo tena kwa Wajerumani. Mwezi huo huo meli nyingine, Marie, ikaingia ghuba ya Sudi kusini, na safari hii mzigo ulikuwa umefungwa vizuri kwa uzito wa kubebwa na mpagazi mmoja mmoja. Wakati huo jeshi lilikuwa limeshavuka ule mwaka ambao lingeweza kukauka kabisa. Sehemu ya daraja hilo ilijengwa na wazamiaji wa Manza na mikono ya Moshi.

UKWELI MCHUNGU

Sasa tuache kushangilia kidogo, maana hapa pana swali gumu.

Kila risasi iliyofufuliwa vizuri iliongeza maisha ya vita, na vita hii ilikuwa na gharama ambayo hailingani na sifa za kamanda yeyote. Lettow-Vorbeck aliendelea mpaka Novemba 1917 alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akazunguka, akarudi, akasalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya walikuwa wameshaacha kupigana wiki mbili nyuma. Bunduki alizokabidhi siku hiyo karibu zote zilikuwa za kuteka, za Kiingereza na Kireno. Zile Mauser za Rubens zilikuwa zimeshaishiwa.

Nyuma yake aliacha nini? Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Upande wa Mjerumani wapagazi hawakuwekewa hesabu ya maana. Majeshi yote yalichukua chakula, ng'ombe na vijana. Ugogoni njaa iliyofuata waliipa jina, Mtunya, na wazee waliendelea kuisimulia kwa miongo.

Ukienda Kariakoo kununua simu au viatu vya jumla, unatembea juu ya kumbukumbu yao. Jina limetoka kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kilichokuwa na kambi pale. Nairobi wana Kariokor yao, asili ni ile ile. Soko lina jina la kikosi, ila wabebaji wenyewe hawana.

Kwa hiyo fundi wa Moshi alifanya jema au baya? Angefunga vibaya kwa makusudi, angemuua askari aliyevuta kifyatulio, pengine kijana wa Kinyamwezi au Kisukuma aliyejiunga kwa ajili ya mshahara. Amefunga vizuri, na vita imesonga mbele kumfikia mkulima wa Ugogo ambaye hakuwa na ugomvi na mtu. Hakuwa na chaguo la tatu, na hakuna aliyemuuliza. Alichokuwa nacho mkononi ni ile nusu sentimita tu, na aliyemtegemea kwa hiyo nusu sentimita alikuwa Mwafrika mwenzake.

Hili linapotea kabisa historia ikigeuzwa kuwa hadithi ya kamanda mmoja mjanja. Ujanja wa porini ulihitaji risasi inayowaka. Risasi inayowaka ilihitaji mtu wa kuzama kwenye giza la meli, mtu wa kubeba kasha kichwani, mtu wa kuanika baruti bila kuilipua, mtu wa kubandika fataki isiyolingana, na mtu wa kurudisha kichwa mahali pake kisha kuipima. Watu watano kabla kamanda hajasema "piga".

SANAMU PALE POSTA

Katikati ya Dar es Salaam, pale Posta, kuna Sanamu ya Askari. Iliwekwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka askari Waafrika wa vita hiyo. Kila siku watu wanapiga selfi pale, na singe ya bunduki imeelekezwa bandarini. Askari yule naye hana jina, lakini angalau ana umbo, ana uso, ana mahali pa kusimama.

Ukipita tena, itazame bunduki yake. Kwa upande wowote wa vita ile, mwenye bunduki kama hiyo alikuwa anaishi kwa imani ya mtu asiyemjua, kwamba kilicho ndani ya mtutu kimekaa kwa kina chake. Mtu huyo hakuchongewa sanamu. Wazamiaji wa Manza hawana hata kibao ufukweni.

Haya, mdau, uwanja ni wako. Kuna mzee nyumbani kwenu Tanga, Moshi au Dodoma aliyewahi kusimulia habari za vita ya Mjerumani, ya meli iliyozama au ya Mtunya? Dondosha hapo chini kwenye komenti. Na hili la fundi wa Moshi unalionaje: alifanya kazi yake tu, au naye anabeba mzigo wa vita?